Wakili wao hayuko tayari, tena

Jamani, ukijitayarisha kwa kesi ya kazi huku Malindi, jitayarishe na kuahirishwa. Mwenye hoteli kanifukuza kwa ujumbe wa simu, eti utovu wa nidhamu, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 yataka nielezwe kosa kwa lugha niielewayo na nisikilizwe kwanza, mwenzangu wa kazi akiwapo. Haya, nimekusanya hati za mshahara, barua, orodha ya zamu. Shahidi wangu, mpishi, kaombewa ruhusa kwa bosi wake (kumbembeleza yule bwana ni kesi nyingine). Tumekaa bencini tangu asubuhi, mashati yamelowa jasho. Kesi yaitwa, wakili wao asimama: “Faili nimeipata jana.” Jana! Na madai wanayo tangu kaskazi! Nauli ya mpishi nani atalipa?