Sikuanguka Jukwaani

Kabla hamjaendelea kumwamini yule rafiki yangu wa hesabu, anayewaambia kwamba siku tulipoagwa shuleni nilianguka jukwaani: sikuanguka. Niliegemea stendi ya noti, stendi ikashuka, nikashuka nayo. Kuna tofauti. Na hiyo ilikuwa mwisho kabisa, aibu yenyewe ilishapita.

Wengi hapa tumewafundisha. Miaka 31 shule ya bweni, mimi naongoza kwaya, mke wangu yuko kwenye kinanda, tunaitana "Mwalimu" hata chumbani. Msichokijua ni kwamba mimi kinanda napiga kwa C tu, ule ufunguo wa vibao vyeupe vitupu. Vibao vyeusi na mimi hatujawahi kuelewana. Wimbo ukiwa wa F, nabonyeza kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, +5 (nusu-hatua tano juu), naendelea na vibao vyangu vyeupe, F inatoka yenyewe. (Nyie mliokuwa mnanisifia sikio, mniwie radhi.)

Juzi, siku ya kuagwa, asubuhi nikajipigia kidogo ukumbini. Sikurudisha kwenye sifuri.

Jioni Mwalimu akaanza utangulizi wa wimbo wa mwisho, wa C. Ikatoka F. Mimi nikaona tu leo kinanda kimechangamka. Na kwaya iliyolelewa kwa sol-fa, yaani do-re-mi, haiulizi do iko wapi. Ukiiwekea mbinguni, itaifuata hukohuko. Wakapanda.

Sasa twendeni polepole. Sauti ya kwanza wana noti A moja ya juu ambayo hata siku njema huifikia kwa kunyanyua visigino. Siku hiyo A ilikuwa imepanda hadi D. Nawaona wanaikaribia, mishipa ya shingo imewasimama, binti wa mbele ananitazama kama anayeomba ruhusa ya kwenda zahanati. Nami mkono wa kushoto juu: ongezeni! Wakaongeza. Ule haukuwa uimbaji, ilikuwa filimbi ya mwamuzi.

Nikamgeukia Mwalimu. Midomo yake inasema, "Kitufe!" Mimi nikasoma, "Tufe!"

Jamani. Miaka yote hii ya ndoa, nikajua basi tumefikia huko. Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote: haya, tufe.

Yeye akaelewa nimempa ruhusa. Akabonyeza.

Kinanda kikarudi C, kwaya ikabaki F. Besi, ambao walikuwa wanatafuta sababu tu, wakaporomoka kukifuata. Sauti ya kwanza wakagoma kushuka, baada ya taabu yote ile! Sauti ya tatu wakafunga midomo, wakakaa kunitazama. Na mimi, msicheke, bado nahesabu mapigo manne, mkono umenyooka, safi kabisa.

Halafu ndiyo stendi.

Mkuu wa shule akapiga makofi wa kwanza, nadhani alijua ni utunzi wa kisasa. Hotuba, picha, kwaherini.

Zawadi tuliyopewa ni kinanda kilekile. Mwalimu ameshabandika plasta juu ya kitufe. Leo siku ya tatu najifunza F. Ina kibao cheusi kimoja tu, na hicho kimoja bado nakikosa.