"Hii Ni Nane": Tuisikilize Namba ya Mnyanyuaji

"Hii ni nane," alisema kijana mmoja akirudisha chuma kwenye stendi baada ya skwati tano za kilo 100, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani. Kocha wake akamkata kauli: "Sijakuuliza unajisikiaje. Nimekuuliza umebeba kilo ngapi."

Waliokuwa karibu walimuunga mkono kocha, na ninawaelewa. Kilo zinaonekana. Chuma cha kilo 20 chenye sahani mbili za 20 kila upande ni kilo 100, uwe umelala vizuri au umekesha. Lakini naamini taarifa yenye thamani kubwa kuliko zote pale ni ile nane, na haikuandikwa popote.

Nane katika kipimo cha 1 hadi 10 ina maana yake: nimebakiza marudio mawili kabla ya kushindwa. Tisa, nimebakiza moja. Kumi, sina kitu tena. Wazo la kuipa jitihada namba lilienezwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, kwa kipimo chake cha 6 hadi 20, ambacho ukizidisha namba kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo kwa dakika. Mapigo hayasemi mengi kuhusu seti ya marudio matano, yaani kuinua mara tano mfululizo, ndiyo maana wanyanyuaji, akiwemo Mmarekani Mike Tuchscherer, wakageukia kuhesabu marudio ya akiba. Kwa hiyo kijana hakuwa anaeleza hisia za moyoni. Alikuwa anahesabu.

Njia iliyozoeleka ni ya asilimia. Unatafuta uzito wa juu kabisa unaoweza kuuinua mara moja, kisha kila kitu kinapangwa kutokana na huo: leo asilimia 70, wiki ijayo 80. Ni njia nyepesi kwa kocha mwenye watu thelathini, tena haimpi mvivu pa kujificha.

Shida ni pale tunapodhani kwamba asilimia moja ni jitihada moja kwa kila mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwaweka wakimbiaji wa masafa marefu na wanyanyuaji vyuma kwenye mashine ya kusukuma uzito kwa miguu, kila mmoja kwa asilimia 70 ya uwezo wake mwenyewe, wakaambiwa wasukume mpaka washindwe. Wanyanyuaji walipata wastani wa marudio 18 hivi. Wakimbiaji, karibu 40. Waandikie wote seti ya marudio 15: mnyanyuaji anamaliza akitetemeka, amebakiza matatu tu, wakati mkimbiaji hajafika hata nusu ya safari yake. Kwenye karatasi wamefanya kazi ileile.

Hata mtu mmoja hafanani na nafsi yake kila siku. Chukua mwenye uwezo wa kilo 125, aliyepangiwa kilo 100, yaani asilimia 80. Usingizi mbovu au homa inayonyemelea ikishusha uwezo wake hadi 115, kilo zilezile zimekuwa asilimia 87. Akiimarika hadi 135, zimeshuka hadi 74. Daftari halitaona mabadiliko hayo mpaka siku ya kupima tena. Yeye ataanza kuyahisi tangu seti ya kwanza.

Wapinzani wana hoja nzito, na iliyo nzito zaidi inahusu wanaoanza. Katika utafiti wa mwaka 2016, wazoefu waliokuwa wameinua uzito wao wa juu kabisa waliupa wastani wa karibu 9.8, wageni wakaupa karibu 9, yaani walihisi bado wana akiba ambayo haikuwepo. Makadirio pia huharibika kwenye uzito mwepesi wenye marudio mengi, ambako misuli inawaka mapema na mtu anadhani amefika mwisho. Na wapo wabishi: chuma kimesimama nusu ya njia, magoti yanaingia ndani, naye anasema saba.

Haya yote ni kweli. Lakini kukadiria akiba ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Mara mojamoja, kwenye mashine iliyo salama, mwambie mtu akisie amebakiza mangapi, kisha aendelee mpaka ashindwe, mhesabu pamoja. Kocha naye ana macho: seti inayostahili kweli namba nane huonekana, chuma hupunguza kasi katika marudio ya mwisho. Anayeanza apewe kilo za kufuata, na azoeshwe kuitaja namba yake kila seti hata kama bado inakosea.

Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili kwa watu waliozoea vyuma zimeona pande zote zikiongezeka nguvu, na tofauti si kubwa. Wengine huishia hapo. Mimi nasema huo ni wastani, na anayepangiwa uzito usiomfaa siku ile ni mtu mmoja aliye chini ya chuma.

Kijana yule aliongezewa hadi kilo 110, marudio matano, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyosema. Aliyebakiza mawili tu kwenye 100 angeyatoa wapi matano kwenye 110? Alipanda na la tatu polepole, magego yameumana. La nne alilishusha, na chuma kikabaki kimelala juu ya vizuizi vya usalama.