Waya ni mbwembwe, kazi iko kwenye utambi

Mama alinikuta barazani, hapa Tabata, nimeinamia kitu kidogo kuliko kizibo cha soda, nachambua pamba kwa sindano. Akauliza nashona nini. Nikamweleza: hii ni vepu, waya huu unapata moto wa betri, pamba inanyonya juisi kutoka kwenye tenki, waya unaigeuza mvuke. Akaangalia, akasema, "Si koroboi tu hiyo? Ila wewe unaivuta." Akarudi jikoni kwake.

Ubishi niliokuwa nao na wenzangu wanaosuka koili (huo waya uliozungushwa kama springi) nyumbani, mama kaumaliza kwa sentensi mbili. Maana kwao habari ni waya tu. Nani kasokota nyuzi tatu pamoja, nani kafunga koili mbili sambamba, picha zinarushwa kwenye grupu kama za bibi harusi. Pamba haina msemaji. Halafu omba uvute mara moja vepu ya huyo mwenye koili ya kupendeza: unakohoa pamba iliyoungua.

Mimi nasuka ya kawaida. Waya wa Kanthal, ule wa kupasha moto, wa milimita 0.4, mizunguko sita kwenye kijiti cha milimita 3, unanipa ukinzani wa omu 0.8 au 0.9; omu zikipungua, umeme unaopita unaongezeka. Betri ikiwa imejaa, volti 4.2, hapo inakula kama ampia 5, wati 20 hivi. Sina haja ya moshi wa kujaza daladala. Kabla sijaweka pamba nabonyeza kidogo kidogo niione inavyowaka: wekundu ukianzia katikati ukaenda pembeni, safi; ukianzia upande mmoja, naikwangua kwa bisibisi na kuibana mpaka itulie. Dakika kumi, imeisha.

Utambi ndio unaonila nusu saa. Pamba ikipita kwenye koili inatakiwa ikwame kidogo tu, ukiivuta koili nayo itikisike lakini isipinde. Ukiishindilia, juisi haipandi, na mvuto wa tatu unachoma koo mpaka machozi. Mama angeniambia hilo bure. Amekata tambi za jiko la mchina tangu sijazaliwa. Ukiweka pamba kiduchu, koili inafurika, inatokota kama uji, na matone ya moto yanakurukia ulimini. Mikia ya pamba inayobaki nje ya koili naikata mshazari, naichana kwa sindano mpaka ilegee, kisha nailaza iguse chini bila kujazana.

Na kuna jambo ambalo watu wa video za Ulaya hawalisemi, joto la Dar. Juisi yenye glisirini nyingi ni nzito kama asali kukiwa na baridi. Januari inalegea, na utambi ulionifaa Julai unavujia mfukoni kabla sijafika Buguruni. Kwa hiyo Januari naongeza pamba kidogo. Suruali mbili zilikwenda na somo hilo. (Halafu nchi ya pamba hii, Simiyu na Shinyanga huko, mimi nahangaika na kipakiti kilichoandikwa Kijapani!)

Zamani nilikuwa natumia koili za kiwandani, zile zilizofungiwa ndani ya kikopo. Duka moja Kariakoo liliniuzia mpya kila baada ya siku kumi, kwa miezi, na kila nikirudi jibu lilikuwa moja: imekufa, kaka. Haikuwa imekufa. Pamba iliungua, waya ukashika masizi ya utamu wa juisi. Nilikuwa natupa chuma kizima kwa ajili ya pamba isiyozidi punje ya muhindi. Sasa natoa pamba, nauchoma waya mtupu kidogo kidogo mpaka masizi yawe majivu, nasuuza kwa maji, naukausha, naweka utambi mpya. Waya nilionao ni wa tangu Pasaka.

Kwenye betri sina utani. Kila nikifunga napima omu kwanza. Kuna siku mguu wa waya uligusa ukuta wa chuma, mashine ikasoma omu 0.1, yaani shoti, ikagoma kuwaka. Iligoma kwa sababu ina chipu ya kuilinda. Wale wenye vepu ya bomba tupu lisilo na chipu, wanaotia seli za betri zilizong'olewa kwenye laptop kuukuu kisha wanasuka koili ya omu 0.2, wapige hesabu: 4.2 gawa kwa 0.2 ni ampia 21. Seli ya laptop haikutengenezwa kwa mzigo huo, na huwa wanaibeba karibu na paja.

Wala sisemi vepu ni dawa. Nikotini ni nikotini, na mama akikunja uso ana haki yake.

Jumamosi kaniletea jiko lake barazani, tambi kumi, mbili zimeungua mpaka zimezama ndani. "Wewe si fundi koroboi?" Nikazitoa, nikazikata usawa kwa mkasi uleule wa koili. Akakagua moja moja kwa kidole, akasema ya tatu nimeibana mno.