Sauti ya Pili ya Naomi Judd

Albamu za mkusanyiko wa vibao hazina heshima kubwa mbele ya wapenzi wa muziki wanaojihesabu kuwa wajuzi. Huonekana kuwa njia ya kampuni ya kurekodi kuuza mara ya pili kile kilichokwisha kuuzwa, na kwa albamu nyingi za aina hiyo lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, nashikilia kwamba Greatest Hits ya The Judds, iliyotolewa mwaka 1988, inastahili kusikilizwa kama kazi inayojitegemea, kwa kuwa ndani yake mchango wa Naomi Judd unadhihirika kuliko katika albamu yoyote iliyoitangulia.

The Judds walikuwa mama na binti kutoka Kentucky, Marekani, walioimba kantri, muziki wenye asili ya mashambani mwa nchi hiyo. Naomi alizaliwa mwaka 1946 na Wynonna mwaka 1964. Kabla ya umaarufu, Naomi alikuwa muuguzi katika jimbo la Tennessee, na ni katika kazi hiyo alimuuguza binti wa mtayarishaji wa muziki Brent Maher, na baadaye Naomi akampa Maher kanda ambayo yeye na Wynonna walijirekodia nyumbani. Mwaka 1983 walisaini mkataba wa kurekodi, na kuanzia Mama He's Crazy ya mwaka 1984 hadi Cry Myself to Sleep, iliyotamba mwanzoni mwa mwaka 1987, nyimbo zao nane mfululizo zilishika namba moja katika chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani.

Sifa nyingi huenda kwa Wynonna, na anazistahili, kwa maana sauti yake ni nzito, ina mkwaruzo wa bluzi, na inaubeba ubeti mzima bila kuhitaji msaada. Kazi ya mama yake ilikuwa kuimba sauti ya pili, na kwa kuwa sauti ya pili haijitangazi, wapo wasikilizaji wanaomchukulia Naomi kama pambo la jukwaani tu. Hapo ndipo ninapopingana nao kabisa.

Tuchukue Mama He's Crazy, wimbo uliotungwa na Kenny O'Dell, ambamo binti anamweleza mama yake kwamba amempata mwanamume anayempenda kupita kiasi. Wynonna anaanza ubeti peke yake, taratibu, kama mtu ambaye bado haamini bahati yake. Kisha kiitikio kinaingia, mama anatajwa, na Naomi yumo humo humo, akilitamka jina lake mwenyewe la umama pamoja na bintiye. Anayeitwa ni sehemu ya mwito. Waimbaji wengine wawili, hata wawe hodari vipi, wangeweza kuziimba noti hizo hizo lakini wasingeweza kuupa wimbo maana hiyo. Maher na mpiga gitaa Don Potter walilielewa jambo hili, ndiyo maana waliliweka gitaa kavu mbele na kupunguza vyombo vingine, ili sauti mbili zisikike zikigusana. Msikilizaji aliyezoea magitaa makavu ya magharibi mwa Kenya hatakuwa mgeni sana hapa.

Hoja yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni Change of Heart. Wimbo huu ulitungwa na Naomi mwenyewe, na ulikuwamo katika rekodi yao fupi ya mwaka 1984 bila kutamba. Kwa ajili ya mkusanyiko wa mwaka 1988 waliurekodi upya, ukatolewa peke yake, ukafika namba moja. Mji wa Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, una watunzi tele wanaoishi kwa kuuza nyimbo, na ingekuwa rahisi kuwaachia wao peke yao kazi ya kuipamba albamu. Kurudi kwenye utunzi wa mama, na kuuweka katika safu moja na Grandpa ya Jamie O'Hara, iliyokwisha kuwapatia tuzo ya Grammy, ulikuwa uamuzi wa kisanii, nami nauheshimu sana.

Wanaonipinga hunikumbusha kwamba albamu ya kwanza ya Wynonna peke yake, ya mwaka 1992, ilifanikiwa mno. Ni kweli, na ni albamu nzuri. Lakini mafanikio hayo yanathibitisha uwezo wa binti tu. Hayaondoi chochote katika kile ambacho mama alikifanya katika nyimbo za awali. Naomi aliacha ziara za muziki mwaka 1991 kwa sababu ya homa ya ini aina ya C, na alifariki tarehe 30 Aprili 2022, siku moja tu kabla ya wote wawili kuingizwa katika Country Music Hall of Fame, ukumbi wa kuwaenzi magwiji wa kantri. Inaniuma kwamba heshima hiyo haikumkuta hai.

Upungufu mmoja wa mkusanyiko huu unatokana na tarehe yake. Love Can Build a Bridge, ambayo Naomi aliitunga pamoja na Paul Overstreet na John Barlow Jarvis, ilitoka mwaka 1990, baadaye ikashinda Grammy ya wimbo bora wa kantri, tuzo ambayo hupewa watunzi. Atakayevutiwa na Change of Heart auendee wimbo huo moja kwa moja.