Kabla hujasema mtu ni wa Mathari

Mwaka 1945 serikali ya mkoloni ilikuwa imechoka na Elijah Masinde. Jamaa wa Kimilili, Mbukusu, mpira alisakata mpaka akachezea Kenya kwenye Kombe la Gossage, mashindano ya mpira ya Afrika Mashariki, halafu akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa na kuanza kuwaambia watu kwamba wazungu warudi kwao na sisi turudie ibada za mababu. Vita vya pili vikaja, machifu wanataka vijana na vibarua, yeye akagoma, walipotumwa watu kumshika wakapigana. Kilichofuata ndicho kinanikera hadi leo: badala ya kumpa kifungo cha kawaida walimpima wakasema kichwa hakiko sawa, akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Akatoka 1947 akaendelea pale pale alipoachia, kwa hivyo ama matibabu yalifeli ama hakuwa mgonjwa, chagua mwenyewe. 1948 wakaacha hiyo mambo ya udaktari wakampeleka kizuizini Lamu, akakaa huko miaka na miaka. Na msidhani ni mzungu peke yake, hata baada ya uhuru serikali yetu wenyewe ilimfunga tena.

Nimeanza na Masinde kwa sababu kila mara tukiongea historia ya magonjwa ya akili huwa tunapewa ile stori ya kupendeza, kwamba zamani watu walikuwa washamba wanafunga wagonjwa minyororo, kisha sayansi ikaja ikawafungua. Kuna ukweli kidogo hapo lakini huku kwetu sayansi yenyewe ilikuja na mnyororo mkononi.

Mathari ilianza 1910 Nairobi, mahali palipokuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui, yaani tangu siku ya kwanza wazo lilikuwa ni kutenga tu. Wodi ziligawanywa kwa rangi, mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake na unajua bila kuambiwa ni nani alilala chini. Mwaka 1938 akapewa kuisimamia daktari mmoja Muingereza aitwaye J. C. Carothers, mtu ambaye wakati anapewa hiyo kazi hakuwa amesomea magonjwa ya akili, alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Akakaa hadi 1950, na kutoka humo ndani akawa mtaalamu wa dunia nzima wa akili ya Mwafrika.

Angalia alivyofanya hesabu zake. Alihesabu Waafrika walioletwa hospitali, akagawanya kwa idadi ya watu nje, akakuta ni wachache sana, akahitimisha kwamba Waafrika hawashikwi sana na wazimu, na hasa ule ugonjwa wa huzuni kubwa, dipresheni, karibu hawana kabisa. Sasa jiulize nani alikuwa anafika Mathari enzi hizo. Ni yule aliyepigana sokoni au kuchoma nyumba ama kusumbua mkubwa fulani, maana ndiye polisi walimbeba. Mama aliyekaa ndani ya nyumba yake miezi minane haongei, hali chakula, anaangalia ukuta, nani angemtoa kijijini ampeleke Nairobi? Huyo hakuwa anasumbua mtu. Kwa hivyo hakuhesabiwa, na kwa sababu hakuhesabiwa ikaandikwa kwamba hayupo.

Na hakuishia hapo. Mwaka 1953 WHO, ndio, Shirika la Afya Duniani lenyewe, likachapisha ripoti ya Carothers ambayo humo anamfananisha Mwafrika mzima wa afya na mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kumbuka upasuaji huo ndio ulikuwa habari ya mjini huko Ulaya na Marekani, Mreno aliyeuanzisha, Egas Moniz, alipewa Nobel 1949, na watu kwa maelfu walikatwa ubongo wakarudishwa nyumbani wametulia kama gogo. Yaani wao wanawafanyia watu wao hivyo kwa kisu, halafu wanatuambia sisi tumezaliwa tayari hivyo! 1954 serikali ya Kenya ikamwita tena aeleze Mau Mau, na maelezo yake yakaweka uzito kwenye saikolojia ya Mkikuyu aliyechanganywa na mabadiliko kuliko kwenye mashamba aliyonyang'anywa. Si unaona faida yake? Mtu akiwa na madai itabidi umjibu lakini akiwa mgonjwa unamtibu tu, hata hakuna haja ya kusikiliza anachosema. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa akili, Blida huko Algeria, alimchambua Carothers vizuri kwenye kitabu chake cha 1961.

Wala si Kenya tu. Kule kusini mwa Marekani 1851 daktari Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa, akaupa na jina, drapetomania, na moja ya tiba zake ni viboko. Afrika Kusini, Nontetha Nkwenkwe, mama wa Kixhosa aliyekuwa akihubiri, alifungiwa hospitali ya vichaa 1922, akahamishiwa nyingine ya aina hiyo na akafia huko 1935, familia ikapata mifupa yake 1998. Ukiziweka hizi stori pamoja unaona swali lilikuwa ni lile lile, huyu anamsumbua nani, sio huyu anaumwa nini.

Hapa sasa najua kuna watu watafurahi waseme ndio, magonjwa ya akili ni mambo ya wazungu, turudi kwa waganga. Hapana bana. Skizofrenia ipo, mtu anasikia sauti usiku kucha zinamtukana na hiyo haijali ukoloni. Mwenye ndugu anayeumwa anajua raha ya kumuona analala baada ya dawa, na anajua pia shida zake, shingo inakakamaa, mikono inatetemeka mpaka aongezewe Artane, kidonge cha kutuliza madhara hayo. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, klopromazini, ilianza kutumika Ufaransa 1952 na hakuna maombi wala kombe la kunywa lililowahi kufanya kazi yake. Na huko kwa waganga na kwenye baadhi ya makanisa ya maombi watu wanafungwa kwenye miti, wananyimwa chakula wakiambiwa ni mfungo, wanachapwa ili shetani atoke. Tusipakane mafuta.

Lakini nikiangalia ngoma za pepo za huku Pwani kuna kitu hospitali ilikosa. Pepo anaulizwa. Anaitwa, anapigiwa ngoma, anaulizwa unataka nini, na kupitia mdomo wa yule mama anajibu, nataka kanga mpya, nataka pete, nataka huyu mume aache hiki na kile, na ukoo mzima umekaa hapo unasikiliza na lazima utimize. Sisemi inaponyesha skizofrenia. Nasema hakuna mtu aliyemuuliza Masinde anataka nini na akakaa kusubiri jibu.

Aliyejaribu kuunganisha hizi pande mbili kwa akili ni Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo. Amesomea Uingereza, anarudi kwao Abeokuta, 1954 anaanzisha mpango wa Aro ambapo mgonjwa halazwi nyuma ya ukuta, anapangiwa nyumba kwenye vijiji vilivyo karibu na hospitali, na sharti ni aje na ndugu wa kukaa naye. Mchana anakuja kupata matibabu, pamoja na yale ya kisasa kabisa ya wakati ule, jioni anarudi kijijini anapika, analima, anagombana na majirani kama watu wengine. Waganga walishirikishwa, wakisimamiwa. Huyo Lambo baadaye akawa naibu mkurugenzi mkuu wa WHO, shirika lile lile lililochapisha upuuzi wa Carothers, na mimi hilo hunichekesha sana.

Sisi tumefuata nani? Kwa maoni yangu bado tuko kwa Carothers. Hadi Januari 2025, pale Mahakama Kuu iliposema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka katiba, Mkenya aliyejaribu kujiua akanusurika angeweza kupelekwa kortini na kufungwa hadi miaka miwili, mtu ametolewa kamba shingoni anasomewa mashtaka! Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu nacho kinakiita kosa. Huku Kenya jopo la afya ya akili la Dkt. Frank Njenga lilipendekeza 2020 magonjwa ya akili yatangazwe janga la taifa, sheria ikarekebishwa 2022 kaunti zikapewa wajibu, na bado mgonjwa akianza kurusha mawe simu ya kwanza inapigwa polisi.

Kama ningeulizwa bajeti iende wapi nisingejenga ukuta mwingine popote. Ningetaka Modecate, sindano ya kila mwezi ya wagonjwa wa skizofrenia, na hiyo Artane zisikauke kwenye zahanati ya mtaani, na nesi mmoja wa akili kila wadi mwenye pikipiki na mafuta, wa kwenda kumtafuta yule mama anayeangalia ukuta.