Ukienda pwani usiku, itie tochi yako wekundu

Ami yangu ni mvuvi wa Wesha, Pemba, tangu ujana wake, na maneno yake huwa machache. Usiku wa kwanza aliponichukua dago, yaani kambi ya wavuvi, kisiwani Misali, nilikuwa na tochi mpya, kali ya kuumiza macho, nikaizungusha huku na huku nikitafuta pa kutandika mkeka. "Zima kurunzi hiyo, mwanangu," aliniambia. "Ushatupofua sote."

Nikazima. Kwanza sikuviona hata vidole vyangu. Kisha, pole pole, mchanga ukaanza kuonekana mweupe, ngalawa zikajitokeza gizani moja baada ya nyingine, na juu nikaweza kuzihesabu nyota za Kilimia. Ilinichukua kama dakika 20. Wenzangu walikuwa wameyapata macho hayo tangu magharibi, nami nilikuwa nimewanyang'anya kwa kubonyeza kitufe mara moja.

Baadaye ndipo nilipojua sababu. Ndani ya jicho mna seli za kuonea mchana na seli za kuonea kiza. Hizi za kiza zinategemea kemikali inayovunjika kwa mwanga mkali, na kujijenga upya huchukua nusu saa, wakati mwingine zaidi. Lakini seli hizo hazishtuki sana na mwanga mwekundu. Ukitumia mwanga mwekundu ulio hafifu utaiona ndoano mkononi, utaiona kamba, na ukiinua uso nyota bado ziko pale pale. Sasa nikiwaona vijana wanatembea ufukweni na taa za simu zimewaka, hawaoni mbele zaidi ya hatua tano, huona wamejifungia wenyewe ndani ya kiputo cha mwanga huku bahari yote iko nje.

Hayo ni ya macho yetu. Kinachonifanya niandike hasa ni kasa.

Fukwe za visiwa vya Misali na Mnemba ni miongoni mwa zile ambazo kasa bado hupanda kutaga. Mama hutoka majini usiku, mzito, akijikokota na kupumzika. Akifika juu ya alama ya maji ya bamvua huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, pole pole kama mtu anayechota unga kwa kiganja, na hutaga mayai kama 100 hivi. Kabla hajaanza kutaga ni mwepisi wa kutishika. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, kwenye ufuo wa kaskazini ya Unguja, mbele ya hoteli moja. Wageni watano na mtembezaji wao walimkimbilia na simu mikononi, taa nyeupe usoni mwake. Aligeuka, akarudi majini bila ya kutaga hata yai moja. Mtembezaji alifurahi kwamba wageni wake wamemwona kasa. Mimi nililala na uchungu siku ile.

Watoto wake wana shida kubwa zaidi. Hutoka mchangani baada ya kama miezi miwili, aghlabu usiku, na huifuata sehemu ya upeo wa macho yenye mwanga zaidi. Kwa miaka yote sehemu hiyo ilikuwa bahari, chini ya mwezi na nyota. Ukiwasha taa upande wa nchi kavu wanakuja kwako, kwenye kaa na kunguru, na jua likichomoza wanakauka. Macho ya kasa yanaona sana buluu na kijani, na nyekundu wanaiona kidogo. Kwa hiyo zile tochi zinazouzwa na vioo vya rangi tatu, nakuomba, kioo cha buluu na cha kijani viache nyumbani. Vinapendeza, lakini kwa kasa ni karibu sawa na kutotia kitu.

Wala huhitaji kununua tochi nyingine. Mimi nilinunua Chake Chake karatasi nyekundu ya kufungia zawadi za harusi, ile inayopitisha mwanga na kuchakarika ukiishika. Nikakata duara, nikaifunika tochi, nikaibana kwa mpira wa kufungia noti. Tabaka moja halikutosha: mwanga ulitoka wa waridi, na kweupe kukivuja pembeni. Ukitaka kuhakikisha, chukua CD kuukuu, uimulike upande wake unaong'aa kwa tochi uliyoifunika, utazame rangi zinazorudi. Kwa tabaka moja niliona ukanda wa kijani bado upo, na wa buluu kidogo. Kwa matatu ukabaki mwekundu peke yake, kama kaa la moto.

Utashangaa jinsi mwanga unavyopungua. Karatasi haiongezi rangi yoyote, inazimeza zile nyingine tu. Na taa nyeupe za LED kwa asili ni taa za buluu zilizopakwa unga wa manjano, kwa hiyo wekundu ndani yake ni mchache. Kupungua huko mimi nakuhesabu faida.

Mipaka ipo. Siwaambii wanaokwenda kutafuta pweza usiku wafanye hivi, kwa sababu maji huimeza rangi nyekundu kabla ya nyingine zote, na kadiri kina kinavyoongezeka utakuwa unakisia. Na ukijikata na tumbawe, washa taa nyeupe ujitazame. Mimi nilitembea na jeraha mguuni hadi kambini bila ya kujua, kwani damu chini ya mwanga mwekundu hufifia, haina tofauti na ngozi iliyorowa. Pia wekundu si ruhusa ya kumsogelea kasa. Kaa mbali, nyuma yake, mulika chini, na picha iache.

Watembezaji wa wageni wa Nungwi, Matemwe na kwetu Pemba ndio ninaotamani wanisikie. Mgeni hufanya anachomwona mwenyeji wake anafanya. Na hoteli ambayo imeweza kumwekea mgeni taulo la ufukweni chumbani haishindwi kumwekea kipande cha karatasi nyekundu, na kuzielekeza chini taa zake zinazotazama mchanga.

Mwezi uliopita nilimpelekea ami ile tochi. Akaiwasha mlangoni, akamulika chini, akainua kichwa kutazama baharini, akamulika chini tena.

"Hii haisumbui," alisema.

Nikamwachia. Asubuhi yake vijana wawili wa ngalawa yake walikuja kuniuliza kama karatasi imebaki.