Kebo isiyoonekana kwenye hatimiliki

Mradi wa umeme, maji au intaneti ukikwama nchini Kenya, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye shamba. Ataambiwa ana tamaa, anataka kutajirika kwa fidia, anawanyima majirani stima kwa sababu ya futi chache za ardhi. Maneno hayo yana ukweli kiasi, na nitaufikia. Ila ugomvi mwingi wa nyaya na mabomba yaliyofukiwa hauna asili katika tamaa ya mtu. Asili yake ni sheria inayoiruhusu ardhi ibebe mzigo ambao anayeinunua hana namna ya kuuona.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaorodhesha haki zinazoifunga ardhi iliyosajiliwa hata kama hazikuandikwa popote kwenye rejista. Zimo nyaya za umeme, nyaya na nguzo za simu na telegrafu, mabomba, mifereji na mabwawa, ilimradi viliwekwa kwa mamlaka yaliyotokana na sheria iliyoandikwa. Sehemu hiyo ilirithiwa kutoka sheria ya usajili ya 1963, ndiyo maana telegrafu bado ipo na kebo za intaneti hazikutajwa kwa jina. Kisha Sheria ya Ardhi, iliyopitishwa mwaka huohuo wa 2012, inasema katika kifungu cha 143 kwamba haki ya njia ya umma, ikiwemo ya kupitishia nyaya na mabomba, ikishawekwa inashikamana na ardhi na inamfunga kila atakayeimiliki baadaye.

Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, kisha umfikirie mnunuzi aliyefanya kila alichoambiwa afanye. Amelipia sachi, yaani ukaguzi rasmi wa rejista ya ardhi, na matokeo yamekuja safi: hakuna mkopo, hakuna zuio, jina la muuzaji ndilo lililo kwenye rejista. Wakili ameridhika. Mpimaji ameonyesha vigingi vinne na vyote vimepatikana mahali pake. Benki imetoa mkopo kwa hati hiyohiyo. Siku mafundi wanapochimba msingi, sururu inagonga tabaka la mchanga lenye utepe wa onyo, na chini yake kebo nene nyeusi. Kuanzia hapo yeye ndiye anayeitwa mvamizi. Anaambiwa asimamishe ujenzi, asiguse, asijenge juu yake wala karibu yake. Akiuliza ni wapi alipaswa kuliona hilo kabla ya kulipa, hakuna wa kumjibu, kwa kuwa kisheria halikuhitaji kuonekana.

Kwa nguzo, jambo ni tofauti kabisa. Anayenunua ploti yenye nguzo anajua anachonunua, na anaweza kumwambia muuzaji apunguze bei. Hata bomba la mafuta kwa kawaida huwekewa vibao vya alama. Kebo iliyolala chini ya ardhi haimpi mtu nafasi ya kupatana bei.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Ploti ya kawaida pembezoni mwa miji yetu ni futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Tuseme kebo imepita katikati kwa urefu, na mwenye kebo anataka ukanda wa futi 10 usiojengwa, tano kila upande. Ukanda huo unakula futi za mraba 1,000, sehemu moja kati ya tano. Hasara yenyewe, hata hivyo, inapita hiyo moja ya tano. Kinachobaki ni vipande viwili vyenye upana wa futi 20 kila kimoja, na bado hujaacha nafasi ya mpaka wa jirani. Nyumba ya vyumba vitatu aliyochorewa haiingii kushoto wala kulia. Ardhi ipo na kodi yake ataendelea kulipa, ila kile alichoinunulia hakiwezekani tena. Kebo hiyohiyo ikipita kwenye shamba la ekari 50, mwenye shamba anaweza kulima juu yake miaka 20 bila kukumbuka kwamba ipo.

Nairudia hesabu hii kwa sababu inaeleza kwa nini magomvi yanazidi sasa. Ruiru, Juja na Mavoko zilikuwa nchi za mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na ng'ombe kabla ya kukatwakatwa kuwa ploti. Njia iliyopitishwa kwenye shamba la mmiliki mmoja haikumpunguzia chochote cha maana. Shamba lilipogawanywa, mzigo haukugawanywa pamoja nalo. Wamiliki wengi wa ploti mpya hawakuguswa, na wachache walioangukiwa na mstari wakaubeba wote. Kama fidia ililipwa, ililipwa mara moja kwa mmiliki wa zamani ambaye hakupoteza kitu, na aliyepoteza hakupata hata senti.

Sheria kwenye karatasi si katili. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinadai fidia ya haki inayolipwa bila kuchelewa serikali inapomnyang'anya mtu mali yake. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Ardhi kinataka alipwe kwa matumizi ya ardhi yake na kwa uharibifu wa miti, mazao na majengo. Tatizo ni kwamba yote hayo yanamtazama mmiliki wa siku ile mtaro unapochimbwa. Migomba na mahindi ni rahisi kuhesabu siku hiyo. Nyumba ambayo mtu mwingine atashindwa kuijenga miaka 15 baadaye haihesabiki, na haina wa kuisemea.

Sasa upande wa pili, ambao nao una hoja nzito. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba linalopita karibu na makazi ya Sinai, Mukuru, jijini Nairobi, ikaingia kwenye mtaro wa maji machafu na kulipuka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Makazi yalikuwa yameusogelea mno mkuza wa bomba, ule ukanda unaotakiwa uwe wazi. Baada ya Sinai hakuna mtu makini anayeweza kusema kwamba ukanda usiojengwa ni ubabe wa mashirika. Kebo ya umeme wa msongo mkubwa ikikatwa na tingatinga inaweza kumuua dereva wake papo hapo, na hospitali iliyo mbali na hapo ikabaki gizani. Anayetunza njia hizo ana wajibu wa kuzuia ujenzi juu yake, awe mwenye ploti alijua au hakujua.

Kuna pia hoja ya gharama. Huduma inayosafiri kwa mstari inahitaji kila shamba lililo kwenye mstari huo. Mmoja akikataa, 300 waliokubali wanasubiri, na yule mmoja anaweza kudai bei ambayo ardhi yake isingefikia sokoni kamwe. Ndiyo maana sheria haikuacha neno la mwisho kwa mwenye ardhi, na nadhani ilifanya sawa. Wapo pia wanaosikia fununu za mradi wakakimbilia kupanda miche na kusimamisha vibanda ili wahesabiwe. Vitendo hivyo vinawaharibia jina wenye madai halali.

Mfano unaotajwa sana ni njia ya umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Mitambo 365 ya upepo kando ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kuutoa umeme huo iliwashwa Septemba 2018. Mlipa kodi aliingia gharama kwa umeme ambao haukuweza kumfikia. Ni njia ya juu, si ya kufukiwa, ila katika kila mjadala wa ardhi hutumiwa kama ushahidi dhidi ya wamiliki. Ugomvi wa fidia ulichangia kweli ucheleweshaji ule. Mkandarasi kutoka Hispania naye aliishiwa fedha katikati ya kazi, na sehemu hiyo huachwa hadithi inaposimuliwa. Mwenye shamba amebebeshwa mzigo mzima wa kosa alilochangia sehemu tu.

Tena wamiliki wengi hawagombi kabisa. Nguzo za kupeleka umeme vijijini zimepita kwenye maelfu ya mashamba ambayo wenyewe walitia sahihi bila kudai kitu, kwa kuwa nao waliitaka stima. Mtu akielezwa mapema, akaonyeshwa mahali pa kupita, na akaona faida yake, mara nyingi anakubali. Anayekasirika ni yule aliyegundua jambo wenzake walipokwisha kuliamua.

Na akikasirika, aende wapi? Mahakama ya Mazingira na Ardhi imeshaziondoa kesi nyingi za njia za umeme kwa sababu malalamiko hayo yanapaswa kuanzia kwa mamlaka ya udhibiti wa nishati, kisha rufaa iende kwenye baraza maalumu la nishati na petroli. Utaratibu huo una mantiki, kwa vile wataalamu wako huko. Lakini unamtaka mlalamikaji ajue kwanza kebo iliyo chini ya ploti yake ni ya nini. Ikiwa ni ya intaneti, mlango ni mwingine. Kebo nyeusi iliyochimbuliwa haisemi ni ya nani, na nyaya kuukuu ambazo hakuna anayekiri kuzimiliki ndizo zinazomzungusha mtu zaidi.

Kuna hoja nyingine ya kisheria inayonishangaza kwa kutojadiliwa vya kutosha. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, kifungu cha 32, inakubali haki ya njia kupatikana kwa matumizi ya miaka 20 mfululizo, lakini kwa masharti: yawe ya amani, yawe ya waziwazi, na yawe ya mtu anayejiona ana haki. Neno "waziwazi" lina kazi hapo. Linampa mwenye ardhi nafasi ya kuona na kupinga kabla haki haijakomaa. Jirani aliyepitisha bomba lake chini ya shamba la mwenzake kimyakimya atapata taabu sana kulitimiza sharti hilo. Mashirika yenye mamlaka ya kisheria hayahitaji kulitimiza, kwa kuwa yana kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Kwa hiyo mtu binafsi anadaiwa uwazi, na shirika lenye wanasheria, wapimaji na ramani za kompyuta halidaiwi. Ingekuwa haki zaidi kama wajibu huo ungekaa kinyume chake.

Mashirika hujibu kwamba kusajili kila njia kungegharimu pesa nyingi, na gharama ingeishia kwenye bili ya mteja. Husema pia kwamba kuonyesha kila kebo ilipo ni kuwaelekeza wezi wa shaba. Hofu hiyo ina msingi: Januari 2022 minara ya umeme iliyohujumiwa ilianguka, nchi ikaingia gizani, na serikali ikasitisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Lakini sachi si tangazo la barabarani. Inaombwa kwa ploti moja, na anayeiomba anajulikana. Marekani tangu 2007 ina namba moja ya simu, 811, ambayo anayetaka kuchimba anapiga ili wenye nyaya na mabomba waje kuyawekea alama ya rangi ardhini kabla ya koleo kugusa udongo. Siri haijawahi kuwa kinga kubwa ya kebo. Kebo nyingi hukatwa na wachimbaji wasiojua kwamba ipo.

Kuhusu gharama, nakubali kwamba nyaya za miaka ya sitini, ambazo ramani zake zimepotea, haziwezi kusajiliwa kwa mwaka mmoja. Zile zinazofukiwa leo hazina udhuru. Mkandarasi anarekodi njia yake kwa setilaiti siku anapochimba, kwani bila rekodi hiyo hawezi kuikarabati. Serikali nayo ilizindua Ardhisasa mwaka 2021 ili kumbukumbu za ardhi zisomwe kwenye kompyuta. Taarifa hizo mbili zipo, kila moja kwenye ofisi yake.

Marekebisho ninayoyaona yanafaa ni madogo. Kifungu cha 28 kiongezewe sharti kwamba njia yoyote itakayofukiwa baada ya tarehe fulani itamfunga mnunuzi mpya ikiwa tu imeandikwa kwenye rejista ya ardhi husika ndani ya miezi sita. Za zamani zipewe muda mrefu, hata miaka 10, na katika kipindi hicho shirika linaloikuta kebo yake chini ya nyumba ya mtu aliyenunua kwa sachi safi ndilo libebe gharama ya kuihamisha, au limlipe kwa kile asichoweza kujenga. Usalama hautapungua, kwa sababu ukanda utabaki wazi vilevile. Malipo nayo, pale njia inapopita kwenye ardhi inayoelekea kugawanywa, yawe ya kila mwaka badala ya mkupuo mmoja, ili yamfuate anayeubeba mzigo wakati huo.

Kinachobaki kigumu ni ardhi isiyo na hati kabisa, na ni nyingi, hasa Pwani na Kaskazini. Huko hakuna rejista ya kuandikwa kebo, na wanaoishi juu yake wanaweza kuitwa maskwota hata kama babu zao wamezikwa hapo. Pendekezo langu haliwafikii. Kwao umilikishaji wa ardhi unapaswa kutangulia mtaro, na mtaro ukitangulia, fidia ihesabiwe kwa anayeitumia ardhi hiyo, awe na karatasi au hana.